Ana simu, analala kwa binamu yake, na bado ni "destitute"

"Huyu hawezi kuwa destitute, ana simu na analala kwa binamu yake." Nimeyasikia maneno hayo tena wiki hii, kutoka kwa mtu anayewasaidia waomba hifadhi hapa Uingereza kujaza fomu za msaada wa serikali kwa walio "destitute", yaani mafukara wasio na namna ya kujikimu. Ni mtu mwenye nia njema, na hilo ndilo linaloniuma, maana fomu aliyokataa kuijaza ingemletea mwenzetu chakula.

Kinachoamua ni sheria, si macho yetu. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya 1999 kinamhesabu mtu kuwa destitute kwa njia mbili. Ya kwanza: hana malazi ya kutosha wala namna ya kuyapata, hata kama mahitaji mengine anayapata. Ya pili: malazi anayo au anaweza kuyapata, lakini hamudu mahitaji mengine ya lazima. Kati ya njia hizo pana "au". Watu wanaisoma kama "na", wanataka mtu akose vyote ndipo waamini ana shida. Anayelala kwa binamu huku hana cha kutia tumboni yumo katika njia ya pili, na anaweza kuomba fedha za kujikimu tu, bila nyumba.

Simu niimalize haraka. Kanuni za mwaka 2000 za msaada huu zinataja mali ambazo Wizara ya Mambo ya Ndani inazipima: fedha taslimu, akiba, vitega uchumi, ardhi, magari na bidhaa za biashara. Gari kuukuu limo. Simu haimo.

Vilevile si lazima mfuko uwe mtupu leo. Mwombaji mpya anapimwa kama ataishiwa ndani ya siku 14. Anayepokea msaada tayari, siku 56.

Kwenye kochi la binamu ndipo kesi nyingi zinapoharibika. Sheria inaikataza wizara, inapopima utoshelevu wa malazi, kuzingatia kwamba huna haki ya kisheria ya kukaa pale, kwamba unachangia na wengine, au kwamba ni pa muda tu. Kwa hiyo barua ya mwenyeji inayosema "tumebanana, analala sebuleni, ni kwa muda" inagusa yaleyale yasiyoruhusiwa kupimwa. Nimeziona barua za namna hiyo, zimeandikwa kwa uchungu wa kweli, zikashindwa. Kanuni zinataka mengine: je, ni haki kumtarajia mtu aendelee kukaa hapo? Anaweza kulipia? Anaweza hata kuingia ndani? Kuna hatari ya kupigwa na jamaa anaoishi nao? Mwenyeji akiandika, "Mwenye nyumba ameniambia mgeni aondoke kufikia Ijumaa, na ufunguo nimemnyang'anya," hapo kuna kitu cha kupimwa. Au akiandika, "Atalala kwangu, lakini chakula siwezi kumpa tena tangu nipunguziwe zamu kazini," basi suala la malazi lina jibu na mjadala unahamia kwenye chakula. Aandike yaliyo kweli, na aandike tarehe.

Na mwenyeji ambaye hajamfukuza mtu, ila amemnunia na kumfungia kabati la vyakula? Hapo sina jibu moja. Nimeona hali zinazofanana sana zikiamuliwa kinyume, na sitamwahidi mtu ushindi.

Nadhani wazo kwamba lazima mtu alale nje linatokana na kesi ya Limbuela ya 2005, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi, wakati huo likiwa mahakama ya juu kabisa. Waomba hifadhi wa kesi ile walikuwa wamenyimwa msaada chini ya kifungu cha 55 cha sheria ya 2002 kwa madai kwamba walichelewa kuomba hifadhi, na swali lilikuwa ni lini kuwaacha hivyo kunageuka kuwa ukatili chini ya Ibara ya 3 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Kizingiti kile ni kizito zaidi. Usimbebeshe mtu wa kifungu cha 95.

Wakalimani wenzangu, nanyi nawasihi. Ukimuuliza mzee mwenye wanawe pembeni, "Je, wewe ni hohehahe?" atakujibu hapana, tena kwa hasira, na hapana hiyo itaandikwa. Mwambie afisa wazi kwamba neno "destitute" lina maana ya kisheria, na omba aulize mambo yanayoshikika: leo umekula nini, nani alinunua, kesho je?

Mtu akikataliwa msaada huu, rufaa ina siku 3 tu tangu apokee barua ya uamuzi. Asimsubiri binamu atoke kazini kuandika. Apeleke fomu ya rufaa kwanza, barua itafuata.