Kontroli boksi haijifunzi yenyewe jamani

Jana tena. Mteja kanipigia, "fundi wangu, si umeshanifungia kompyuta, hiyo kontroli boksi ya kupimia injini mafuta, sasa gari irudi ya nini, si itajifunza yenyewe?" Nimelijibu hili kwa simu mpaka nimechoka, leo naliandika.

Gari ni pikapu ya zamani, V8 ya Chevrolet, koo nane za kuvutia hewa zimesimama juu ya injini, mfumo wa Hilborn wa kunyunyiza mafuta bila umeme. Stuart Hilborn aliubuni California miaka ya 1940 kwa ajili ya mbio, na kwa mbio ni mfumo safi: pampu inazungushwa na injini, mzunguko ukipanda mafuta yanapanda, yanayozidi yanarudi tanki kupitia kijeti, yaani kitundu cha kipimo. Hakuna kinachopima hewa, hali ya hewa ikibadilika unabadilisha kijeti kwa mkono. Sasa ikae foleni ya Majengo sokoni saa sita mchana uone.

Kwa hiyo nimeugeuza uendeshwe na kompyuta. Kufunga nozeli, reli, pampu ya umeme, regyuleta ya ba 3, gurudumu la meno 36 kasoro moja kwenye puli ya kranki ili boksi lijue injini imefika wapi, hiyo kazi ya mikono tu. Athi ifungwe kwenye bloku yenyewe, sio kwenye bodi yenye rangi. Basi.

Kazi iko kwenye hewa. Gari ya kawaida ina throto moja, yaani kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta, vakyumu ya manifoldi (mvuto wa hewa kwenye njia ya kuingilia injini) imetulia, sensa inasoma. Hii ina throto nane na kila silinda inavuta kwa zamu yake, nimeunganisha koo zote kwa vimpira vyembamba kwenye kikopo kimoja, usomaji ukatulia kidogo, ila ukikanyaga mafuta kidogo tu vakyumu kwisha. Kwa hiyo unapima kwa throto ilivyofunguka na mzunguko, boksi linasoma kwenye jedwali mafuta ya kumwaga. Na mambo yote yako kwenye asilimia 10 za mwanzo za throto, ukigawa jedwali 0, 10, 20 gari itarukaruka, mimi nagawa 0, 1, 2, 3, 5, 8, 12.

Ila throto haijui mlima! Dar presha ya hewa ni kilopaskali 101 hivi, Dodoma huku mita 1,100 na ushee ni kama 89. Throto ileile, hewa pungufu zaidi ya asilimia 10, mafuta yanazidi. Huyu mteja alitoka Dar bila kuzima injini, akapanda mpaka Gairo gari inatoa moshi mweusi, akazima, akala, akawasha, ikawa nzuri. Akaniambia "umeona, imejifunza." Haikujifunza kitu! Boksi lake lilikuwa linasoma presha ya nje mara moja tu, unapofungua swichi. Nimemwekea sensa ya pili iliyo wazi kwa hewa, inasoma muda wote.

Na sensa ya oksijeni, ile ya kwenye ekzosti inayoliambia boksi mafuta yamezidi au yamepungua, haiokoi kila mahali. Kemshafti ya mbio (ndiyo inayofungua valvu) kwenye silensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, inapitisha hewa mbichi mpaka ekzosti, sensa inasema mafuta kidogo, boksi linaongeza, plagi zinakuwa nyeusi. Chini ya mizunguko 1,500 nazima hayo marekebisho nasikiliza kwa sikio, na kusema kweli silensa yake bado haijaniridhisha.

Kwa hiyo gari irudi, iletwe jioni ilale hapa. Jedwali la injini ya baridi napata nafasi moja tu kwa siku, alfajiri, kabla mtu hajaiwasha.