Je, wajua kwa nini makabila ya kubuni husikika kama ndugu wa kweli?

Kwa miaka mingi nilidhani siri ni ugeni wa herufi. Ukitaka kubuni himaya, na ndani yake taifa lenye makabila kadhaa, unarundika X, Z na vikato mpaka jina lisitamkike: Xh'raz, Zq'oth, Krazh'un. Nilikuwa na daftari zima la majina hayo. Nikiyasoma leo nasikia watu wanaokohoa, na kila kabila linakohoa kivyake. Hakuna hata dalili kwamba wana babu mmoja.

Wengine hukosea upande wa pili. Huyafananisha majina mno, wakiamini kuwa kufanana ndio undugu. Lakini Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Queensland huko Australia, kilimwita mbwa "dog". Ndiyo, vilevile kama Kiingereza, na lugha hizo mbili hazina nasaba yoyote! Neno lenyewe limetokana na "gudaga" la zamani, likapoteza sauti hapa na kugeuza nyingine pale, hatimaye likaangukia "dog" kwa bahati tu. Mtu akikuonyesha maneno mawili yanayofanana na kukuambia tayari amepata ukoo, mkumbushe mbwa huyo.

Undugu wa lugha huonekana katika tofauti zenye utaratibu. Fikiria taipureta tatu zilizotoka kiwanda kimoja. Ya kwanza herufi yake ya b imechakaa, inachapa kitu kama w. Ya pili b imeng'oka kabisa. Ya tatu b imepinda, inatoka kama v. Chapa barua ya mapenzi au hati ya deni, kasoro ni ile ile, kwa sababu haichagui neno. Ukipewa kurasa za kutosha utajua kila ukurasa umetoka mashine gani, na hata b ya awali utaikisia bila kuiona.

Lugha za Kibantu ni mashine za namna hiyo. Waganda husema abantu, sisi watu, Wakikuyu andũ, Washona vanhu. Ile b kwetu imekuwa w, kwa Wakikuyu imetoweka, kwa Washona ni v. Nayo nt imekuwa t, nd na nh.

Sasa tubuni taifa, tuliite Bakanto. Tukifuata kasoro hizo hizo, makabila yake yatakuwa Wakato, Akando na Vakanho. Kama mto wao wa asili ulikuwa Bento, sharti leo wauite Weto, Endo na Venho. Mto ndio mtihani wenyewe: kanuni ikifanya kazi kwenye jina la kabila tu, basi ni pambo. J. R. R. Tolkien, mtunzi wa riwaya aliyekuwa pia profesa wa Kiingereza cha kale huko Oxford, alizibana lugha zake za kubuni vivyo hivyo. Bata maji katika moja ni "alqua", katika nduguye ni "alph".

Tahadhari mbili. Kwanza, undugu wa lugha si lazima uwe wa damu, maana watu huacha lugha yao na kushika ya jirani. Pili, jina la kabila ndilo neno linaloasi kanuni kwa urahisi zaidi, kwa sababu mara nyingi hutolewa na watu wa nje. Wenyeji wa Wales hujiita Cymry, yaani watu wa nchi moja. "Welsh" latokana na neno la Waingereza wa kale lililomaanisha wageni, ilhali Waingereza hao ndio waliokuja baadaye.

Kwa hiyo katika Bakanto nimebakiza kabila moja lisilofuata kanuni yoyote, la milimani, ambalo jina lake liliandikwa na karani wa kodi wa himaya aliyefukuzwa huko kwa mawe. Karani aliwaita Xh'raz.