Kufanywa wana: mwana si mpangaji

Wiki chache zilizopita, katika jumuiya yetu hapa Tabata, tulisoma Waraka kwa Warumi sura ya 8. Tulipofika mstari wa 15, unaotaja kufanywa wana, mama mmoja mtu mzima, muumini wa miaka mingi ambaye wengi wetu tunamwita bibi, alisema kwa upole kwamba yeye ameridhika na nafasi yake: “Sisi wengine kwa Mungu ni watoto wa kupanga tu, wenye nyumba ni Wayahudi.” Hakuna aliyemjibu. Nami nilinyamaza, ingawa nilikwisha kuyasikia maneno kama hayo mimbarini zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho ilikuwa kwenye ibada ya maziko, mahali ambapo mfiwa anastahili kuambiwa jambo lililo imara kuliko hilo.

Kufanywa wana ni tendo la Mungu la kumpokea mtu asiyekuwa wa nyumba yake, na kumpa ndani ya Kristo nafasi, jina na urithi wa mwana. Maana ni hiyo, na sidhani kama kuna anayeibishia. Tunapokosea ni pale tunapotafuta neno la mtaani la kuielezea.

Ni kweli kwamba “mtoto wa kupanga” ni Kiswahili sahihi, na wazee wetu walilitumia kwa mtoto aliyechukuliwa na kulelewa kama wa kuzaliwa. Lakini mkazi wa Dar es Salaam wa leo akisikia “kupanga” anaona chumba, kodi ya miezi sita inayolipwa kwa mkupuo, na mwenye nyumba anayeweza kugonga mlango jioni na kusema kwamba mwanawe anaoa, kwa hiyo chumba kinahitajika. Mpangaji hata akikaa miaka ishirini hapigi msumari ukutani bila kuomba ruhusa. Neno likishafika hapo haliwezi tena kubeba mzigo ambao Mtume Paulo aliuweka juu yake, na afadhali tuliache.

Wengine husema “mtoto wa kambo”, na hilo ni baya zaidi. Mtoto wa kambo ni mtoto wa mwenzi wako aliyezaliwa kabla hamjaoana, na katika lugha ya maofisa wa ustawi wa jamii “malezi ya kambo” ni malezi ya mtoto ambaye bado ni wa watu wengine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatenganisha malezi hayo na kuasili, ambako kunahitaji amri ya Mahakama, na ambako haki na wajibu wa wazazi wa kwanza hukoma na kuhamia kwa mzazi mpya. Nalipenda neno hili “kuasili”, kwa kuwa limetokana na “asili”, yaani shina au chimbuko: anayemwasili mtoto anampa asili mpya. (Halina undugu na “kuasi”, ingawa masikio huyachanganya, kwa Kiarabu hizo ni shina mbili tofauti.)

Neno la Kigiriki alilolitumia Paulo ni huiothesia, lililoungwa kutokana na huios, yaani mwana, na tendo la kuweka. Ni kumweka mtu katika nafasi ya mwana. Katika Agano Jipya linapatikana mara tano tu, na zote ni katika nyaraka zinazobeba jina la Paulo: tatu katika Warumi, moja katika Wagalatia na moja katika Waefeso. Lilikuwa neno la sheria, na wasomaji wake wa Roma hawakuhitaji kufafanuliwa. Kwao aliyefanywa mwana mara nyingi alikuwa mtu mzima, aliyechukuliwa ili nyumba isikose mrithi, na haki yake ya kurithi ilikuwa sawa na ya aliyezaliwa humo. Mwaka 50 Kaisari Klaudio alimfanya Nero kuwa mwanawe, ilhali alikuwa na mwana wa kumzaa, Britannicus. Miaka minne baadaye Nero ndiye aliyekikalia kiti cha enzi. Waraka kwa Warumi uliandikwa yapata mwaka 57, Nero akitawala. Hebu fikiri ni nani katika mji ule angethubutu kusema kwamba Kaisari ni mwana wa daraja la pili.

Waliotafsiri Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 walichagua “kufanywa wana”, na naona walichagua vizuri, kwa sababu Kiswahili kimelipa neno “mwana” upana ambao lugha nyingi hazina. Mwananchi hakuzaliwa na nchi, wala mwanachama hakuzaliwa na chama, lakini kila mmoja ni wa pale kabisa, na ana sauti pale. Tena “mwana” wetu halibagui jinsia. Pwani limekuwa hata jina la heshima la mwanamke, kama lilivyo kwa Mwana Kupona na kwa kina Mwanaidi na Mwanahamisi wa mitaa yetu. Bibi wa jumuiya yetu yumo ndani ya neno hilo bila kuongezewa chochote.

Ningependa pia tuitazame upya nasaba iliyo mwanzoni mwa Injili ya Mathayo, ambayo wengi huiruka kwa sababu ya majina yake mengi. Inashuka kutoka kwa Ibrahimu hadi kwa Daudi, na kutoka kwa Daudi hadi kwa Yusufu, kisha inasema kwamba Yusufu ni mume wa Mariamu, naye Mariamu ndiye aliyemzaa Yesu. Yusufu hakumzaa. Malaika anamwita “mwana wa Daudi” na kumwagiza ampe mtoto jina, naye anampa, na kwa jina hilo anampokea kuwa wake. Kwa hiyo katika ukurasa wa kwanza wa Agano Jipya Masihi anahesabiwa katika ukoo wa Daudi kupitia baba asiyemzaa.

Haya yote hayafuti ukoo wa mtu. Paulo mwenyewe hakusahau kwamba ni wa kabila la Benyamini, na aliwalilia ndugu zake kwa jinsi ya mwili. Anayeacha kwenda kwenye kikao cha ukoo kwa hoja kwamba sasa ukoo wake ni Yesu peke yake hajapata hoja hiyo katika neno hili.

Jumamosi iliyofuata nilimfuata bibi kabla ya sala, nikamwomba tufungue Warumi 9 mstari wa 4. Hapo Paulo anaorodhesha yaliyo ya Waisraeli, na la kwanza kabisa ni “kule kufanywa wana”. Neno ni lile lile la sura ya 8, herufi kwa herufi. Nilimwambia: “Bibi, hata wale uliowaita wenye nyumba waliingia kwa mlango huo huo.” Aliomba nimsomee tena, taratibu, kwa sababu miwani yake aliiacha nyumbani.