Kwa Nini Mchoraji wa Kisasa Hachori Kama Kamera

Kila tunapowaonyesha wanafunzi wa sekondari za hapa Dodoma nakala za picha za Picasso au Kandinsky, mambo huwa yaleyale. Wachache hunyamaza na kukodoa macho. Waliobaki hucheka, na hakosekani mmoja wa kusema kwamba hata mdogo wake wa darasa la pili angeiweza. Hatuwakatazi kucheka. Watu wazima wa Paris walicheka vivyo hivyo mwaka 1874, tena baada ya kulipa kiingilio. Shida ni dhana iliyojificha ndani ya kicheko hicho: kwamba kazi ya mchoraji ni kufananisha, na asiyefananisha hajui kazi.

Kwa muda mrefu dhana hiyo ilikuwa na mashiko. Kuanzia karne ya 15 hadi ya 19, mchoraji wa Ulaya aliishi kwa kuchora watakatifu wa kanisani, sura za wafalme na mali za matajiri. Mteja alitaka ajione, na aliyejua kufananisha hakulala njaa. Halafu mwaka 1839 ukatangazwa huko Paris uvumbuzi wa Louis Daguerre, njia ya kunasa taswira kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha. Haikupita miaka mingi, sura ya mtu ikawa inapatikana studio kwa bei ambayo mchoraji hakuweza kushindana nayo.

Mafundi wa mabango wa mjini kwetu wanaielewa habari hii bila kufundishwa. Kabla mashine za kuchapa hazijaenea, kila kinyozi, gereji na mgahawa wa Majengo au Chang'ombe ulihitaji mtu mwenye brashi na mkono usiotetemeka. Leo mwenye duka anatuma picha kwa simu na kwenda kuchukua bango lake jioni. Fundi aliyebaki na kazi ni yule anayefanya kitu ambacho mashine haikiwezi. Wachoraji wa Ulaya walifika hapohapo: ikiwa chombo kinafananisha kunishinda, mimi nibaki na nini? Mikondo mikubwa ya uchoraji wa kisasa inaweza kusomwa kama majibu ya swali hilo, na majibu yenyewe yanagombana.

Jibu la kwanza lilikuwa mwanga. Kamera ya wakati ule haikuwa na rangi. Upande wa pili, mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alikuwa amepata hataza ya kitu kidogo kilichogeuza mambo makubwa: mrija wa bati wenye kifuniko wa kuhifadhia rangi ya mafuta. Kabla ya hapo rangi ilisagwa kwenye karakana na kutunzwa ndani ya vibofu vya nguruwe, na kibofu kikishatobolewa rangi huanza kukauka. Mrija ulimwezesha mchoraji kupanda treni na rangi zake, akashuka kando ya mto, akachora papo hapo jua likiwa bado linawaka. Ndivyo walivyofanya Claude Monet, Camille Pissarro, Berthe Morisot na wenzao. Walipofanya maonyesho yao wenyewe mwaka 1874, picha moja ya Monet ya alfajiri bandarini ilimchekesha mwandishi Louis Leroy, naye akalichukua jina la picha hiyo, Impression, akawabandika wote kwa dhihaka. Jina likawakaa: Uimpreshonisti.

Waliona nini ambacho wengine hawakukiona? Kwanza, kwamba kivuli si cheusi. Nenda kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo au Mpunguzi saa kumi na moja jioni wakati wa kiangazi, utazame ardhi chini ya mizabibu. Udongo ule mwekundu ukiwa kivulini haugeuki kuwa mweusi. Unaingia kwenye zambarau, na kando yake kuna mstari wa buluu ambao macho yetu yamezoea kuupuuza kwa sababu akili imeshatuambia kwamba udongo ni mwekundu. Monet alichora kile jicho linachopokea kabla akili haijalisahihisha. Kati ya mwaka 1890 na 1891 alichora mafungu ya ngano iliyovunwa karibu mara 25, mafungu yaleyale, ila mara asubuhi, mara jioni, mara kwenye theluji, mara kwenye jua kali. Kitu hakikubadilika. Kilichobadilika ni mwanga, na mwanga ndio aliokuwa akiuchora.

Jibu hilo halikuwaridhisha waliofuata. Vincent van Gogh, aliyefariki mwaka 1890 akiwa na miaka 37 tu, alitaka rangi iseme hali ya moyo. Mwaka 1888 alichora mkahawa wa usiku kwa nyekundu na kijani zinazopigana, na katika barua zake alieleza kwamba alikusudia kuonyesha tamaa mbaya za binadamu. Henri Matisse na wenzake walilisukuma wazo hilo mbele, na katika maonyesho ya mwaka 1905 mhakiki mmoja akawaita wanyama wa porini. Hapo ukapata Ufovisti. Inafurahisha kwamba majina mengi makubwa ya uchoraji wa kisasa yalitungwa na watu waliokuwa wakidhihaki.

Paul Cézanne alikuwa na hoja tofauti. Mwanga unapita, alisema kwa brashi yake, lakini mlima haupiti. Alirudi tena na tena kuchora mlima mmoja wa kusini mwa Ufaransa, Sainte-Victoire, akiujenga kwa vipande vya rangi kama mwashi. Sisi tunaoishi katikati ya vilima vya mawe tungeelewana naye.

Kutoka kwa Cézanne tunafika kwa Pablo Picasso na Georges Braque, na hapa ndipo watazamaji wengi hupotea. Chukua kibuyu cha maziwa. Ukikitazama kwa ubavu, unaona tumbo lake lakini mdomo unakuwa mstari mwembamba. Ukikitazama kwa juu, mdomo ni duara lakini tumbo limepotea. Kamera inakulazimisha uchague mahali pamoja pa kusimama. Wakubisti, yaani Picasso, Braque na wenzao, walikataa kuchagua: wakaweka tumbo na mdomo kwenye picha moja, kwa sababu anayekijua kibuyu anavijua vyote viwili kwa pamoja. Hiyo pua ya ubavuni kwenye uso uliotazama mbele, inayowachekesha wanafunzi wetu, ina mantiki hiyohiyo. Kufikia mwaka 1912 walikuwa wakigundisha vipande vya magazeti kwenye picha.

Ila Picasso hakuanzia kwenye hesabu hizo peke yake. Mwaka 1907, akiwa bado anahangaika na picha yake kubwa ya wanawake watano, Les Demoiselles d'Avignon, aliingia kwenye jumba la makumbusho la Trocadéro mjini Paris na kukuta barakoa na vinyago vya Afrika. Matisse naye alikuwa amenunua kinyago kidogo kutoka Kongo mwaka uliotangulia. Vitu hivyo vilitoka hasa Afrika Magharibi na ya Kati, vingi kupitia makoloni, na kwa kawaida jina la aliyechonga halikuandikwa popote. Wachoraji wa Paris waliona ndani yake ruhusa waliyokuwa wakiitafuta: kwamba uso unaweza kuwa na paji la pembe tatu na macho ya matundu, ukawa na nguvu kuliko uso wa kufananishwa. Kwa maoni yangu, anayefundisha Ukubisti bila kutaja deni hili anafundisha nusu ya somo. Anayedai kwamba Picasso aliiba tu na hakuongeza kitu naye amechukua nusu nyingine.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Wafutaristi wa Italia walishangilia magari na mwendo kuanzia mwaka 1909. Katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, huko Zürich mwaka 1916, kundi la wasanii lililojiita Dada liliona kwamba dunia yenye akili imeleta mauaji, basi heri upuuzi. Wasurialisti wakatoa ilani yao mwaka 1924 wakifuata njia ya ndoto.

Hatua iliyo ngumu zaidi kwa mtazamaji ni sanaa dhahania, isiyochora kitu chochote. Wassily Kandinsky aliamini rangi inaweza kufanya kazi kama muziki, ambao hauigi sauti ya ng'ombe wala ya mvua lakini unamtoa mtu machozi. Kazimir Malevich mwaka 1915 alitundika mraba mweusi juu kabisa kwenye kona ya chumba, mahali ambapo nyumba za Warusi huweka picha takatifu. Watu wanaokasirishwa na mraba ule ni walewale wanaovaa khanga. Hakuna anayeuliza pindo la khanga ni picha ya nini. Tunalipenda kwa mpangilio wake, uzito wa rangi na mwendo wa mstari, na macho hayo tunayo tayari. Hatujayazoeza tu kwenye picha iliyowekwa fremu.

Kicheko, hata hivyo, kinaweza kugeuka kuwa amri. Mwaka 1937 serikali ya Wanazi ilifungua maonyesho mjini Munich yenye kazi zaidi ya 600 za wachoraji na wachongaji wa kisasa, ikazitundika ovyo na maandishi ya kejeli ukutani ili wananchi wazicheke. Kazi zaidi ya 16,000 ziliondolewa kwenye makumbusho ya Ujerumani. Nyingine ziliuzwa nje, nyingine zikachomwa. Mwaka huohuo, tarehe 26 Aprili, ndege za Ujerumani na Italia zilishambulia kwa mabomu mji wa Guernica nchini Hispania, na Picasso akajibu kwa picha yenye upana wa karibu mita 7.8. Haina nyekundu hata tone. Ni nyeusi, nyeupe na kijivu, na farasi anayelia katikati. Aliyewahi kusema kwamba mtindo huu hauwezi kubeba jambo zito asimame mbele ya nakala yake dakika tano.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kitovu kilihamia New York. Jackson Pollock, hasa kati ya mwaka 1947 na 1950, alitandika turubai sakafuni na kumwagia rangi za kung'aa za kawaida, za kupaka nyumba na viwandani. Rangi rahisi ya dukani ikawa rangi ya sanaa. Ikumbuke hiyo, maana miaka kama 20 baadaye ilitokea Dar es Salaam.

Usasa wa uchoraji uliingia kwetu kwa njia ya shule na kwa njia ya mtaa. Upande wa shule kuna Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937. Mmoja wa waliopitia pale ni Sam Ntiro wa Kilimanjaro, aliyechora maisha ya kijijini kwa maumbo mapana yasiyo na haraka, akaja pia kuiwakilisha Tanganyika mjini London baada ya uhuru. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo kwenye jumba la sanaa ya kisasa la New York, jumba lilelile lenye wanawake watano wa Picasso. Wanafunzi wetu wanamjua Picasso. Ntiro wanamsikia kwetu kwa mara ya kwanza. Hilo ni kosa letu walimu zaidi kuliko lao.

Upande wa mtaa kuna Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za msanii. Alikuwa na mbao za dari, zilizokatwa miraba ya futi kama mbili, na rangi ya kupaka baiskeli. Rangi ile hukauka ikiwa ngumu na yenye kung'aa, haichanganyiki kwa upole, kwa hiyo mtindo wenyewe ukafuata: mnyama mmoja mkubwa, mstari ulio wazi, nyuma rangi moja. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, akiwa amechora miaka minne tu, lakini aliowafundisha waliendelea. Leo pundamilia wa Tingatinga wanauzwa kila penye mtalii, wengi wakiwa nakala ya nakala, na mimi huwashauri wanafunzi watafute kwanza picha zake za mwanzo ndipo watoe hukumu.

Kwa mkazi wa Kanda ya Kati, shule bora ya kuondoa dhana ya kufananisha haipo Paris. Ipo Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, kwenye barabara kuu iendayo Babati. Eneo la michoro ya miambani ya Kondoa Irangi, lenye mapango zaidi ya 150 yenye michoro, liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alinakili michoro mingi hapo mwaka 1951. Ile myekundu inahusishwa na wawindaji, watu walio karibu na mababu wa Wasandawe na Wahadza. Ile myeupe, iliyo ya baadaye, na jamii za wakulima. Utaona twiga na pofu waliochorwa kwa uangalifu, na kando yao watu warefu wembamba kupita kiasi, wenye vichwa vya ajabu. Wawindaji wale waliujua mwili wa mnyama hadi kwenye mshipa, maana chakula chao kilitegemea hilo. Kama walimrefusha binadamu hivyo, si kwa kushindwa kumchora. Walichagua. Hata maana ya baadhi ya michoro inabishaniwa: kundi moja la watu linalojulikana sana Kolo, wengine wanaliona kama msichana anayetekwa, wengine kama mchezaji ngoma aliyepandisha na anashikwa na wenzake.

Ukienda, pitia kwanza ofisi ya mambo ya kale pale Kolo upewe mwongozaji, na vaa viatu vya kupandia, kwani njia ya Mongomi wa Kolo, mojawapo ya mahali penye michoro hiyo, ina mwinuko mkali. Warangi bado wanafanya matambiko ya mvua mahali hapo, hivyo usiguse wala kuondoa kitu unachokikuta. Utaona pia mashimo ya watu waliochimba wakitafuta hazina wanayodai iliachwa na Wajerumani. Usimwagie mchoro maji ili rangi itokee vizuri kwenye simu: maji huyeyusha chumvi zilizomo ndani ya mwamba, nazo zikikauka hutoka juu kama ukungu mweupe na kuibandua rangi. Subiri jua lisogee. Mchoro ambao hauonekani saa sita mchana mara nyingi unaonekana saa kumi.