Mlio wa gari usiojulikana, na waranti inakaribia kuisha

Kazi yangu ni kutafuta hitilafu za magari katika gereji ya wakala wa magari mapya hapa Dar es Salaam. Malalamiko yanayowakosesha wateja haki zao si ya injini iliyokufa, maana hiyo kila mtu anaiona. Ni ya mlio. Mteja anasema kuna kitu kinagonga mbele, gari linaendeshwa kuzunguka mtaa, kimya. Jobu kadi, karatasi ya gereji ya kuandikia malalamiko na kazi iliyofanyika, inaandikwa “tatizo halikupatikana”, anarudi nyumbani amekata tamaa, na miezi inasonga mpaka waranti inakwisha.

Kumbuka waranti ina mipaka miwili, muda na kilometa, na unaotangulia kufika ndio unaofunga. Magari mengi mapya huuzwa na waranti ya miaka 3 au kilometa 100,000. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 800. Anayekwenda na kurudi kila wiki atazimaliza hizo 100,000 kwa mwaka mmoja na miezi michache, huku bado anajihesabia miaka mitatu.

Kwa nini mlio unajificha? Kwa sababu gari linafika kwetu katika hali isiyo yake. Chukua mnyororo wa taimingi, ule wa ndani ya injini unaozifanya sehemu zake zizunguke kwa mpangilio. Kikaza mnyororo katika injini nyingi kinategemea presha ya oili, na gari likilala usiku kucha oili huweza kushuka. Asubuhi unawasha, mnyororo unakwaruza sekunde chache, presha inapanda, kelele inakwisha. Ukishaendesha nusu saa kwenye foleni mpaka gereji, injini imepata moto na hakuna cha kusikia. Dawa yake ni kuliacha gari lilale hapo, na fundi aliwashe mwenyewe asubuhi akiwa amefungua boneti. Vivyo hivyo, bushi za mpira, zile za kupunguza mishtuko kwenye viungo vya chini ya gari, hukakamaa kwenye baridi. Gari linalolia Njombe alfajiri ya mwezi wa saba linaweza kunyamaza kabisa kwenye joto la Dar. Kama kuna gereji ya wakala wako karibu na huko kwenye baridi, lipeleke huko.

Mlio unaonipa kazi kubwa zaidi ni mvumo wa mwendo kasi. Unaanza kama kwenye 60, unapanda kadiri unavyoongeza mwendo. Ukiachia mafuta na mvumo ukabaki uleule, injini huenda haihusiki. Shuku bering ya gurudumu au tairi. Ukikata kona ndefu kwenda kushoto, uzito unaegemea kulia. Mvumo ukizidi hapo, mara nyingi bering ya kulia ndiyo mbovu. Lakini tairi iliyolika vibaya nayo huvuma hivyohivyo. Tunahamisha tairi za mbele kwenda nyuma, kisha tunaendesha tena. Mvumo ukihama nazo, ni tairi, na kwa kawaida waranti ya gari hailipii tairi. Ukibaki palepale, bering ibadilishwe.

Mingine ni rahisi zaidi. Tak-tak-tak usukani ukiwa umekatwa mwisho na gari linatembea, angalia sivii jointi, kiungo cha ekseli kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu. Kugonga kwenye matuta madogo kwa mwendo wa polepole, angalia linki za stabilaiza (fito fupi za chini zinazosaidia gari lisilale kwenye kona) au bushi. Mtetemo wa bati injini ikiwa sailensa (inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta), mara nyingi ni kinga ya joto ya ekzosi iliyolegea. Breki zinazokwaruza asubuhi baada ya mvua kubwa na kunyamaza ukikanyaga mara chache ni kutu tu kwenye diski.

Sasa karatasi. Andikisha unachosikia, usiandikishe unachoshuku. Ukisema “angalieni bering”, tutaangalia bering, tutaikuta nzima, na kadi itafungwa. Sema: “Mvumo upande wa abiria, kuanzia 70, barabara ya lami, injini ikiwa na moto, unazidi nikikata kulia.” Fundi akisoma hivyo anajua pa kuanzia. Abiria wako arekodi video ya simu inayoonyesha dashibodi na kubeba sauti. Kisha omba umpakie fundi mwenyewe, siyo mpokeaji wa magari, umpeleke kwenye barabara ambako mlio unatokea. Kama bado haujulikani unakotoka, uliza kama wana maikrofoni za kubana chini ya gari. Zinatusaidia kutofautisha kushoto na kulia wakati gari linatembea.

Nakala ya kadi iwe na tarehe, kilometa na mhuri, hata kama hakikupatikana kitu. Ndiyo ushahidi kwamba ulilalamika waranti ikiwa hai. Na tafadhali, usimruhusu fundi wa mtaani afungue chochote kwanza, hata kwa nia njema. Bolti iliyoguswa inampa wakala sababu ya kukataa.

Zikibaki siku chache, peleka gari hata kama mlio umenyamaza wiki hiyo, na tuma malalamiko kwa barua pepe pia. Wakikubali ubovu lakini spea inasubiriwa kutoka nje, omba jina la spea na ahadi ya kuifunga bila malipo viandikwe kwenye kadi. Siku ya kulichukua, rudini na fundi barabara ileile, mwendo uleule, kabla hujasaini. Ukisikia bado unalia, usisaini. Kadi ibaki wazi.