Je, wajua kwa nini Neanderthali aliacha vikwangulio vya maumbo mengi?

Anayefungua kitabu cha Zama za Mawe za Ulaya hukutana mapema na ukurasa wa michoro ya vikwangulio, yaani vipande vya gumegume vya kutosha kiganjani ambavyo Neanderthali, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, walivitumia kukwangua ngozi, kuchonga miti na kukata. Kimoja kina makali yaliyochongwa upande mmoja, kingine pande zote mbili. Cha tatu pande zake zinakutana na kufanya ncha, na cha nne makali yake yamekingama mbele. Kwa miaka mingi niliitazama michoro hiyo kama mtu atazamavyo rafu za duka la vifaa vya ujenzi, nikiamini kwamba kila umbo lilikuwa na kazi yake, na kwamba fundi alikuwa na sura ya kila moja kichwani kabla hajapiga jiwe. Nilikosea, ingawa katika kosa hilo nilikuwa na wenzangu wakubwa.

Mkubwa wao alikuwa François Bordes, mwanaakiolojia wa Kifaransa ambaye mwenyewe alikuwa hodari wa kuchonga gumegume. Kuanzia mwaka 1953 hadi 1965 alichimba Combe Grenal, katika eneo la Dordogne, Ufaransa, na kukuta matabaka 55 ya zana za mtindo uliopewa jina la pango la Le Moustier, mtindo wa Neanderthali uliokoma takribani miaka 40,000 iliyopita. Bordes aliorodhesha aina 63 za zana, akazihesabu tabaka kwa tabaka, na kuona kwamba uwiano wake ulibadilika: hapa vikwangulio vimejaa, pale ni vichache, kisha vinarudi tena. Alihitimisha kwamba yalikuwa makabila mbalimbali yaliyopokezana mapango yale yale, kila moja likishika mila yake kwa maelfu ya miaka pasipo kuiga sana ya jirani, jambo ambalo kwa binadamu ninaowafahamu mimi ni gumu kidogo kuliamini. Mwaka 1966 Wamarekani Lewis na Sally Binford walimpinga, wakidai kwamba tofauti zilitokana na kazi: waliochuna ngozi waliacha zana hizi, waliochonga miti wakaacha zile. Mabishano yakawa makali. Hata hivyo, pande zote mbili ziliafikiana bila kusema juu ya jambo moja, nalo ni kwamba umbo tunalolichimbua ndilo umbo lililokusudiwa.

Hapo ndipo penye kasoro, na jembe linaweza kuionyesha vizuri. Jembe jipya kutoka dukani lina bapa pana na refu. Baada ya misimu kadhaa ya kulimia udongo wenye changarawe na kunolewa kwa tupa, bapa hulika, pembe zake hupotea, na hatimaye hubaki kipande kifupi cha mviringo ambacho mwenyewe hukiacha nyuma ya nyumba. Mgeni asiyejua kilimo, akiokota majembe kumi ya kijiji kizima yaliyolika kwa viwango tofauti, angeweza kuandika kwa uangalifu mkubwa kwamba kijiji hicho kilikuwa na aina kumi za majembe.

Mwanaakiolojia George Frison aliliona jambo kama hilo mwaka 1968 katika zana za wawindaji wa kale wa nyati huko Marekani, na katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia mwenzake Harold Dibble alilitumia kwa vikwangulio vya Neanderthali. Kibanzi kipya cha gumegume, yaani kipande kilichobanduliwa kutoka jiwe kubwa, ni kikali sana, lakini makali yake huisha upesi. Mwenye nacho hugonga ukingo wake kwa kipande cha mfupa, vijibanzi vidogo vinaruka, na makali yanarudi, ila kibanzi kimepungua. Upande mmoja ukichoka, hugeuziwa wa pili. Pande zote mbili zikiendelea kuliwa, mwishowe hukutana na kufanya ncha ambayo hakuna aliyeipanga.

Dibble alipataje kujua ukubwa wa awali wa kitu kilichokwisha kulika? Turudi kwenye jembe: bapa hulika, lakini msuka, ile sehemu inayoingia kwenye mpini, hauliki, na kwa kuutazama mtu aweza kukadiria jembe lilivyokuwa. Kibanzi nacho kina sehemu ya namna hiyo, yaani uso mdogo uliopokea pigo la kukibandua kutoka jiwe mama, ambao kunoa hakuufikii. Dibble alilinganisha uso huo na ukubwa uliobaki, akaona kwamba vikwangulio vya ncha vilikuwa vimepungua zaidi kuliko vya upande mmoja.

Kipimo hicho, lakini, ni cha kukadiria tu, kwa kuwa majaribio yameonyesha kwamba pembe ya ukingo unaopigwa nayo huamua ukubwa wa kibanzi. Wala si kila kitu kinaelezwa na kunoa. Katika zana za La Quina, mtindo mmojawapo wa Neanderthali, kwa mfano, vibanzi ni vinene tangu mwanzo, na unene huo unaelekea kuwa chaguo la makusudi, kama mtu anayenunua kisu kipana akijua atakinoa sana. Makabila ya Bordes na kazi za akina Binford huenda bado yana sehemu yake. Kilichoondoka ni uhakika wa kuyasoma moja kwa moja kutoka kwenye umbo.

Orodha ya aina 63 ingali inatumika, maana wataalamu wanahitaji majina ya kuviita vitu. Humo kikwangulio cha upande mmoja wenye makali ya mbinuko ni namba 10, cha pande mbili za namna hiyo ni namba 15, na pande hizo zikikutana nchani ni namba 19. Jiwe moja, mikononi mwa mtu mmoja, lingeweza kupita namba zote tatu, nasi tukaliokota mahali alipolitupa na kuliandika namba 19.