Abiria Mmoja, Kumbukumbu Nne: Maelezo Kutoka Kaunta ya Shirika la Ndege

Abiria anayefika mbele ya kaunta yangu anajua kwamba ana safari moja. Mifumo ninayoitumia kumhudumia haimwoni hivyo. Kwa mifumo hiyo mtu huyo ni nafasi iliyowekwa kwa jina fulani, ni tiketi iliyolipiwa, ni kiti ndani ya ndege ya leo, na ni begi lenye lebo. Na kila kimoja kati ya hivyo kimeandikwa mahali pake, mara nyingi na kampuni tofauti zinazotumia programu tofauti. Vinapokubaliana, abiria huondoka kwa dakika mbili na hana sababu ya kunikumbuka. Visipokubaliana, mimi ndiye ninayepaswa kuvipatanisha huku foleni ikiongezeka nyuma yake, na machozi mengi niliyoyaona pale kaunta yametokana na kumbukumbu mbili za mtu mmoja kutosomana.

Nianze na jina, kwa sababu ndilo uzi unaoziunganisha kumbukumbu zote. Ukurasa wa picha katika pasipoti una mistari miwili chini kabisa, iliyoandikwa kwa herufi kubwa na alama zinazofanana na ncha za mishale. Kanuni za mistari hiyo zimewekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika waraka wake namba 9303. Kila mstari una nafasi 44, na katika mstari wa kwanza majina yote ya mwenye pasipoti yametengewa nafasi 39 tu, kwa hiyo majina marefu hukatwa. Ritifaa (') huondolewa bila kuacha pengo, kistari hugeuzwa kuwa alama ile ya mshale, na herufi zenye vialama juu au chini yake hubadilishwa kuwa herufi za kawaida. Mstari wa pili una namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kila moja kati ya hizo inafuatwa na tarakimu ya uhakiki: mashine huzidisha tarakimu ya kwanza kwa 7 (herufi hupewa thamani ya namba), ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ikarudia mpangilio huo hadi mwisho, ikajumlisha yote, na baki inayopatikana baada ya kugawanya kwa 10 lazima ilingane na tarakimu iliyochapishwa. Namba ikisomwa vibaya, mara nyingi mashine hugundua papo hapo. Jina halina tarakimu ya namna hiyo. Kitu ambacho abiria anakithamini kuliko vyote, na ambacho ninakitumia kumtafuta, ndicho ambacho mashine haiwezi kukihakiki kwa hesabu. Kinategemea macho yangu.

Upande wa pili ndiko iliko kumbukumbu ya kwanza, ya nafasi: yupo mtu aliyeandika jina wakati wa kuiweka, na mfumo uliolipokea. Mifumo hii ina umri mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Sabre, uliojengwa na American Airlines pamoja na IBM, ulianza kufanya kazi mwaka 1960, wakati mashirika ya ndege yalikuwa yakiandikiana kwa mashine za kupeleka maandishi ambazo hazikuwa na herufi ndogo wala vialama. Desturi hiyo imebaki hadi leo katika ujumbe tunaotumiana: herufi kubwa tupu, jina la ukoo, mkwaju (/), jina la kwanza, na mara nyingi jina la heshima limegandishwa mwishoni bila nafasi. Ndiyo maana abiria hushangaa kuona herufi MR zimeungana na jina lake kana kwamba ni sehemu yake. Nimewahi kukutana na kisa kilicho kinyume chake, jina halali la kwanza linaloishia kwa herufi hizo mbili, ambalo programu ililikata kwa kudhani kwamba imeondoa jina la heshima.

Wanaoumia zaidi ni watu ambao pasipoti zao hazina jina la ukoo. Tovuti ya kuweka nafasi hulazimisha sehemu hiyo ijazwe, na mtu hubuni: mmoja hurudia jina lake la kwanza, mwingine huweka la baba, wa tatu huweka nukta. Mashirika hayana utaratibu mmoja katika jambo hili, kwa hiyo ushauri wangu ni kuliuliza shirika utakalosafiri nalo kabla ya kulipa. Kwa wengine wote, jina liandikwe kama lilivyo kwenye ile mistari miwili ya chini, hata kama mtu hulitumia kwa namna nyingine kazini na nyumbani. Mzee mmoja aliwahi kuniambia, "Mwanangu, jina hili nimelibeba miaka sabini, wewe unaniambia si langu?" Sikuwa nimesema hivyo, lakini nilielewa kwa nini alisikia hivyo. Tangu siku ile huwa ninaigeuza skrini kidogo, ninamwonyesha abiria maandishi mawili yaliyotofautiana, na ninaeleza kwamba kosa liko katika uandishi na kwamba hakuna anayemtilia shaka yeye.

Kumbukumbu ya pili ni tiketi, na hapa ndipo penye kutoelewana kukubwa kuliko kote. Watu wengi hudhani kwamba kuweka nafasi na kuwa na tiketi ni jambo moja. Nafasi ni ahadi ya kiti, nayo hutambulika kwa msimbo wa herufi na tarakimu sita. Tiketi ni ushahidi wa malipo, nayo ina namba yenye tarakimu 13 ambazo tatu za mwanzo hutaja shirika lililoitoa. Zamani tiketi ilikuwa kijitabu chenye kuponi, na mfanyakazi alichana kuponi moja kwa kila safari. Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga, IATA, kilifikisha mwisho wa tiketi za karatasi katika utaratibu wake tarehe 1 Juni 2008, lakini kuponi hazikufa. Ziko ndani ya kompyuta, na kila moja ina hali yake: iko wazi kwa matumizi, abiria amepokewa, amepanda, safari imetumika.

Ninamkumbuka mama mmoja aliyekuja na binti yake, mikononi ana simu yenye ujumbe unaosema kwamba safari imethibitishwa. Ulikuwa ujumbe wa kweli. Wiki kadhaa kabla ya hapo muda wa ndege yake ulikuwa umebadilishwa, mfumo wa nafasi ukamhamishia yeye na mwanawe kwenye ndege mpya na kumtumia taarifa, lakini kuponi za tiketi zilibaki zimefungwa kwenye ndege ya zamani kwa sababu aliyewauzia hakuzitoa upya. Kwenye skrini yangu walikuwa na viti bila tiketi. "Si hili hapa limeandikwa, dada?" aliniuliza mara tatu, na kila mara alikuwa na haki ya kuuliza. Nilipiga simu kwa kitengo cha tiketi, nikasubiri, nikasoma tarakimu 13 mara mbili, na kuponi zikarekebishwa zikiwa zimebaki dakika chache kabla ya kaunta kufungwa. Ninaliona hili kuwa kasoro ya namna tunavyozungumza na wateja. Neno "imethibitishwa" halipaswi kumfikia abiria kabla kumbukumbu zote mbili hazijalingana. Kwa sasa, anayepata taarifa ya kubadilishwa kwa muda afungue uhifadhi wake na kuangalia kama namba ya tiketi bado ipo chini ya ndege mpya. Akiona haipo, awasiliane na aliyemuuzia siku hiyo hiyo.

Kadi ya kupandia ndege huchapwa kutokana na kumbukumbu hizo, na ule mchoro wa miraba midogo uliomo ndani yake hubeba mengi kuliko yanayosomeka kwa macho. Kuna jina, lililotengewa nafasi 20 tu, kwa hiyo jina lililokwisha kukatwa kwenye pasipoti linaweza kukatwa tena; kuna ule msimbo wa nafasi, namba ya ndege, kiti, na tarehe iliyoandikwa kama siku ya mwaka, ambapo tarehe 1 Februari huwa 032. Mchoro huo haujafichwa kwa siri yoyote, na programu nyingi za simu zinaweza kuusoma. Ninasikitika kila ninapoona mtu anapiga picha ya kadi yake na kuiweka mtandaoni kwa furaha, kwa maana kwenye tovuti za mashirika mengi jina la ukoo na msimbo ule wa nafasi vinatosha kuifungua safari yake, na mgeni akaweza kubadilisha kiti au hata kufuta safari ya kurudi.

Kisha kuna begi, kumbukumbu ya tatu. Lebo yake ina namba yenye tarakimu 10: moja ya mwanzo, tatu za shirika, na sita za mfuatano. Jina la abiria huchapwa kwenye lebo kwa ajili ya wanadamu. Mashine za mkanda husoma namba peke yake, kisha hutafuta ujumbe ambao kaunta ilikwisha kuutuma ukieleza kwamba namba hii ni ya abiria fulani wa ndege fulani. Milia ya msimbo huchapwa mara mbili, moja kwa wima na nyingine kwa ulalo, ili skana iipate hata begi likilala vibaya. Lebo ya safari iliyopita ikiachwa kwenye mshikio, skana inaweza kuisoma hiyo, ikakuta namba isiyo na ndege ya leo, na begi likatupwa pembeni kusubiri mtu. Huwa ninazivua lebo za zamani mwenyewe, hata abiria akisema anaziweka kwa kumbukumbu.

Tangu Juni 2018, azimio namba 753 la IATA linawataka wanachama wake kulifuatilia begi katika hatua nne: linapopokewa kutoka kwa abiria, linapopakiwa, linapopokewa sehemu ya kuunganishia safari, na linaporudishwa kwa mwenyewe. Azimio hilo limetusaidia sana, kwa sababu sasa ninaweza kumwambia abiria begi lilionekana wapi mara ya mwisho, badala ya kumwambia asubiri. Siku hizi abiria huja na kifaa kidogo cha kufuatilia ndani ya begi na kunionyesha ramani kwenye simu: "Kaka yangu, begi lipo jengo lile pale, nalionaje mimi nawe hulioni?" Kwa kuwa mimi ni mwanamke, huomba radhi mara anapoinua macho, nasi tunaendelea. Taarifa yake ni ya thamani na huiandika kwenye ripoti, lakini ramani haielezi kwamba begi lile lipo ndani ya chumba cha forodha, au kwamba limekwisha kufungwa ndani ya kontena la ndege inayofuata.

Begi na mwenyewe hulinganishwa kwa sababu nyingine pia, nzito zaidi. Ndege iliyolipuliwa juu ya mji wa Lockerbie, Uskoti, mwezi Desemba 1988 ilibeba bomu ndani ya begi ambalo mwenyewe hakuwamo ndegeni. Kwa hiyo abiria wa safari ya kimataifa akipokewa kisha asifike langoni, begi lake huteremshwa, hata kama ndege itachelewa na hata kama limepakiwa chini ya mengine mia moja. Watu walioketi ndani hukasirika, nami sijawahi kuona aibu kuwaeleza sababu.

Kumbukumbu ya nne, ya kiti, huonekana kuwa ndogo, lakini ndiyo inayomfikia rubani, ikiwa sehemu ya hesabu ya uzito wa ndege. Uzito wa abiria haupimwi mmoja mmoja katika safari za kawaida. Hukadiriwa kwa viwango, kiwango cha mtu mzima na kiwango cha mtoto. Tarehe 21 Julai 2020 ndege ya Boeing 737 iliondoka Birmingham, Uingereza, kwenda Palma de Mallorca ikiwa na hesabu ya uzito iliyopungua kilo 1,244. Programu ilikuwa imetengenezwa katika nchi ambako jina la heshima "Miss" hutumika kwa msichana mdogo, kwa hiyo wanawake wazima 38 waliojiandika hivyo walihesabiwa kuwa watoto wa kilo 35 badala ya watu wazima wa kilo 69. Ndege ilipaa salama. Mimi ninapochagua jina la heshima kwenye kiorodha huwa ninalikumbuka lile kosa la neno moja, na ninamwangalia aliyesimama mbele yangu kabla ya kubonyeza.

Asubuhi moja mfumo wa kupokea abiria ulizimika kwetu wote. Tulikuwa na orodha iliyochapishwa usiku, kalamu, na kadi tupu ambazo tuliandika majina na viti kwa mkono. Langoni tulihesabu vichwa, wahudumu wa ndani wakahesabu tena, na hesabu zikatofautiana kwa mmoja. Tulirudi kwenye orodha mstari kwa mstari hadi tukampata: mtoto mchanga aliyepakatwa na mama yake, asiye na kiti, ambaye upande mmoja ulimhesabu na mwingine haukumhesabu. Mlango ukafungwa.

Mfumo uliporudi alasiri, wenzangu wa zamu walikuwa wamekwisha kwenda. Nilibaki na karatasi zile, nikaingiza kila jina na kila kiti, kisha nikafunga kila kuponi kuwa imetumika. Kompyuta isipoambiwa kwamba mtu alipanda, humhesabu kuwa hakutokea, na abiria asiyetokea safari ya kwenda hufutiwa ya kurudi. Jina la mwisho kwenye orodha lilikuwa la yule mtoto mchanga.